Aliwaambia Watoto wa Watu

Mtu wa kwanza kuzungumza nami hapa duniani hakuwa mama yangu. Alikuwa mhudumu wa wodi ya wazazi katika zahanati yetu ya upande wa Mwaya, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana kama ya mtu aliyepalilia mpunga tangu utotoni. Kila mtu alimwita Mhudumu. Zahanati ilikuwa na wahudumu wengine, walikuja wakaenda, lakini ukisema Mhudumu hakuna aliyeuliza yupi. Kanisani Mhudumu, sokoni Mhudumu, na watu waliokutana naye njiani asubuhi walimsalimia, "Ugonile, Mhudumu," naye aliitikia bila kupunguza mwendo, maana hakuwa mtu wa kusimamasimama.

Kazi ya kuzalisha ilikuwa ya wauguzi. Yake ilikuwa kumpokea mtoto baada ya kitovu kukatwa, kumkausha, kumfunga kwenye khanga, kisha kumkabidhi kwa mama yake. Katikati ya kumfunga na kumkabidhi alifanya jambo moja ambalo halikuandikwa kwenye mwongozo wowote. Alimwinamia mtoto, akaweka mdomo karibu na sikio lake, akamwambia kwa Kinyakyusa, "Kyala akughanile." Mungu amekupenda. Mara moja tu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayempa mwenzake habari ambayo anajua wengine watachelewa kumpa. Ndipo alipomtoa mikononi.

Na mimi niliambiwa hivyo. Nilikuwa miongoni mwa watoto wake wa mwanzomwanzo, alipokuwa bado msichana mwenyewe, na mama yangu alimsikia. Nilipofeli mtihani wa kidato cha nne nikajifungia chumbani siku tatu, mama hakunibembeleza. Alisimama nje ya dirisha akasema, "Wewe uliambiwa siku ya kwanza. Toka ule." Nikatoka nikala. Nikarudia mtihani, nikasomea uuguzi, na baada ya kuzunguka vituo viwili vya mbali nikapangiwa zahanati ileile niliyozaliwa. Siku niliyoripoti, Mhudumu alinitazama kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Ulikuwa kilo mbili na robo," akasema. "Sikudhani ungefika popote. Haya, Nesi, beseni liko kule."

Tangu siku ile yeye aliniita Nesi, nami nikamwita Mama.

Usidhani alikuwa mpole. Wanawake wa Ngonga na Mwaya walimwogopa kuliko uchungu wenyewe. Aliyepiga kelele aliambiwa, "Hizo nguvu zipeleke chini, huku juu hakuna mtoto." Aliyekuja bila kadi ya kliniki alisemwa mpaka akalia. Mama mkwe aliyeingia chumba cha kujifungulia kutoa amri alitolewa kwa kushikwa bega, hata kama ni mke wa mzee wa kanisa. Sakafu aliipiga deki mara tatu kwa siku, na ole wake mganga mfawidhi akipita na viatu vyenye tope la Aprili, wakati ambapo Kyela nzima ni tope. "Daktari," angesema, "hapa wanatambaa malaika." Daktari angerudi mlangoni akavua viatu.

Alikula akiwa amesimama, kwenye korido, sahani mkononi. Nilimwuliza kwa nini haketi. Akasema akiketi atakumbuka kuchoka.

Alipenda kuimba. Sauti yake ilikuwa ya pili, nzito, na shuka zote za wodi ile zilifuliwa kwa nyimbo za kanisa. Lakini aliimba maneno ya mwanzo tu, akifika mahali wimbo unaposema "mimi" au "nafsi yangu" alikuwa anaguna tu, mm-mm-mm, mpaka mstari upite. Nilidhani amesahau maneno. Ilinichukua miaka kutambua kwamba hakuwa amesahau chochote.

Wakati ule wa barakoa, mkaguzi mmoja alikuja kutoka wilayani akamkuta amemwinamia mtoto. Akamwambia hairuhusiwi kuweka mdomo karibu na kichanga. Mhudumu hakubishana. Alivaa barakoa, akasimama hatua moja kutoka kwa mtoto, na kwa kuwa kitambaa kilikuwa kizito na mvua inapiga bati, akapaza sauti: "KYALA AKUGHANILE!" Wodi nzima ikashtuka. Mkaguzi akaangusha kalamu. Miezi yote ile ya barakoa maneno yake, yaliyokuwa siri ya sikio moja, yakawa yanasikika hadi kwa wanaume waliokaa kwenye benchi la nje, na kina mama waliolala wakisubiri zamu yao walianza kucheka, kisha wakaacha kucheka. Niliwahi kumwona mwanamke wa makamo, aliyekuja kumsindikiza mkwe wake, amejifunika uso na kitenge baada ya kusikia, mabega yakimtikisika. Nilipomwuliza kama anaumwa akasema hapana, ila yeye alizaliwa shambani, hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Aliwaambia na wale waliozaliwa wamekufa.

Kuna mkulima mmoja wa Ngonga ambaye mkewe alifika amechelewa, maji yamekata barabara, wamembeba kwenye machela saa nyingi. Mtoto alitoka kimya, na hatukuweza kufanya kitu. Mhudumu alimkausha vilevile, polepole, katikati ya vidole, nyuma ya masikio. Alimfunga kwenye khanga mpya ambayo mama yake alikuwa ameileta. Akamwinamia. Yule baba alikuwa amesimama mlangoni akiwa na tope hadi magotini, akaona.

"Umemwambia nini?" akauliza.

Mhudumu akamweleza.

"Hata huyu?"

"Huyu hasa," Mhudumu akasema. "Wenzake watasikia tena mahali pengine. Huyu ndiyo mara yake."

Yule mwanaume alimpokea mwanawe kwa mikono miwili, akasema, "Ndaga fijo," ahsante sana, kama mtu aliyepewa kitu. Kila mavuno alikuwa akileta debe la mchele kwa Mhudumu. Na Mhudumu hakuwahi kupika hata kikombe kimoja cha mchele ule.

Hilo nalo lazima nilieleze. Hakupokea. Watu walileta ndizi, kuku, samaki wa ziwani wakiwa wabichi bado, kakao iliyokaushwa vizuri ambayo angeweza kuiuza. Alishukuru kwa adabu, akangoja mtu ageuke, akamgawia mgonjwa wa kitanda kilichofuata. Nilimshonea gauni siku ya Krismasi. Wiki iliyofuata nililiona limevaliwa na mama aliyeunguliwa na nyumba huko Bondeni. Nikakasirika. "Mama, hilo lilikuwa lako." Akanijibu, "Najua, Nesi. Lilinipendeza sana. Ndiyo maana nilimpa."

Na kanisani ilikuwa hivyohivyo. Alikaa benchi la mwisho, upande wa mlango. Siku za Meza ya Bwana, wimbo wa maandalizi ulipoanza alinyanyuka akatoka, akawa anang'oa majani ukingoni mwa ua wa kanisa mpaka ibada iishe. Niliwahi kumwuliza mzee mmoja wa kanisa. Akasema, zamani sana, alipokuwa binti, Mhudumu alitengwa kwa kosa la ujana. "Lakini alirudishwa," akasema mzee. "Baba yangu ndiye alikuwa mzee wa kanisa, alimrudisha mwaka uleule. Jina lake liko kwenye daftari, halina alama. Sisi tulimfungulia mlango, mwanangu. Hakuingia."

Nilimwendea Mhudumu. Nilikuwa kijana, nilidhani jambo likielezwa vizuri linakwisha. Tulikuwa tunakunja shuka, yeye ncha mbili, mimi ncha mbili. Nikasema, "Mama, wewe unayewaambia wote kwamba Mungu amewapenda. Na wewe je?"

Akavuta shuka ikanyooka.

"Ninyi anawapenda," akasema. "Mimi ananivumilia."

Akaja akachukua ncha zangu, akaikunja shuka peke yake.

Sasa nitasema habari ya yule msichana, kwa kuwa bila yeye nisingeelewa lililofuata. Alikuwa mwanafunzi, ametoka kijiji cha jirani, ameletwa na bibi yake, na aliyempa mimba hakujulikana au hakusemwa. Alijifungua salama mtoto wa kike. Mhudumu akafanya yake, akamwinamia mtoto, akamsogeza kwa mama yake. Msichana akageukia ukutani. Bibi akamgombeza. Mimi nikamsihi. Hakugeuka.

Nilitegemea Mhudumu angefoka. Badala yake alivuta kigoda. Ndiyo mara ya kwanza kumwona ameketi akiwa kazini. Akampakata yule mtoto, akakaa pale mchana mzima, deki haikupigwa, shuka hazikufuliwa. Hakusema neno la dini hata moja. Kila baada ya muda alisema jambo hilohilo kwa sauti ileile.

"Mtazame. Leo ni vigumu. Kesho itakuwa vigumu zaidi. Keshokutwa hutaweza."

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama msichana akageuza shingo. Akatazama. Kisha akanyoosha mkono. Mhudumu alimpa mtoto, akainuka, akaenda nyuma kwenye karo la kufulia, na nilipomfuata nilimkuta amefungulia maji bomba zima, hafui kitu.

Baada ya msimu mmoja au miwili, alikuja mwanamke kutoka Karonga, upande wa Malawi, ng'ambo ya mto Songwe. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, ameolewa na Mwislamu, amejifunga ushungi vizuri, mimba yake ya nne. Tulishangaa. Karonga kuna hospitali kubwa kuliko kazahanati ketu. Alisema uchungu umemkuta safarini, lakini begi lake lilikuwa limepangwa kama la mtu aliyepanga: khanga za mtoto, sabuni, wembe mpya, chupa ya chai. Na tangu alipolala kitandani alikuwa anamfuata Mhudumu kwa macho, anapokwenda, anaporudi.

Alijifungua saa nne asubuhi, mtoto wa kiume, bila shida yoyote. Mhudumu akamkausha. Akamfunga. Akamwinamia, "Kyala akughanile." Kingonde cha Karonga na Kinyakyusa chetu ni ndugu, hakuhitaji kutafsiriwa.

Yule mama akainua kichwa kutoka kwenye mto.

"Na mimi," akauliza, "siku niliyozaliwa, uliniambia hivyo?"

Mhudumu akatabasamu kidogo, alizoea kuulizwa. "Ulizaliwa hapa?"

"Nilizaliwa Ngonga. Nyumbani kwa baba yako. Shangazi yako alinichukua nikiwa na siku sita."

Nilikuwa nimeshika sindano. Sikujua niiweke wapi.

Mhudumu alimtazama yule mwanamke. Alimtazama muda mrefu, paji la uso, masikio, ile mikono mipana juu ya shuka. Mtoto alikuwa bado mikononi mwake. Halafu alijibu, na ninamheshimu hadi leo kwamba hakudanganya.

"Sikukuambia," akasema. "Hata kukutazama sikukutazama. Nilijifunika khanga usoni mpaka walipokuondoa."

Akamweka mtoto kifuani kwa mama yake, taratibu, akaweka na kichwa chake vizuri kisizibe pua. Akatoka. Hakukimbia. Nilisikia mlango wa nyuma.

Yule mwanamke alinieleza mwenyewe, mchana ule, akinyonyesha. Shangazi aliyemlea alikuwa amefariki mwaka uliopita, na kabla ya kufa alimwambia yote. Mama yake alikuwa binti wa kwaya, alipata ujauzito, mwanaume hakujitokeza. Baba wa binti alisema mtoto huyo hataitwa wa nyumba hii, na binti alitengwa kanisani mbele ya watu. Baada ya kujifungua alirudishwa kwa masharti ya kutubu, lakini mtoto hakurudishwa. Alisikia kwamba mama yake ni mhudumu kule Mwaya na kwamba huwasemesha watoto wanapozaliwa. "Sikuja kumshitaki," akasema. "Nilitaka tu mwanangu apokelewe na bibi yake. Na nilitaka kuuliza."

Kesho yake aliruhusiwa kuondoka. Alikaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi, mtoto amemfunika, begi miguuni, macho kwenye njia. Mhudumu hakuja kazini. Miaka yote ile, mafuriko na misiba, hakuwahi kukosa hata siku moja. Siku ile alikosa. Saa saba mchana yule mwanamke aliniomba simu yangu, akaandika humo namba yake ya Malawi. "Akiitaka," akasema. Akapanda bodaboda kuelekea mpakani.

Mhudumu alirudi siku iliyofuata. Alipiga deki. Alifua. Na mtoto wa kwanza alipozaliwa baada ya hapo, alimkausha, akamfunga, akamkabidhi. Hakumwinamia.

Nilidhani amesahau kwa mawazo. Lakini na wa pili hakuambiwa, na wa tatu. Alikuwa ameacha. Kina mama waliokuja kwa uzazi wa pili au wa tatu walingoja, wakageuka kunitazama mimi. "Nesi, mbona wangu hajaambiwa?" mmoja alinong'ona. Nilijaribu kusema mwenyewe, mara moja, kwa mtoto wa jirani yangu. Maneno yakatoka kinywani mwangu kama ya mtu anayesoma tangazo. Sikurudia. Na namba ile niliendelea kuwa nayo. Nilimwambia Mhudumu kwamba ninayo. Alisema, "Sawa, Nesi," akaendelea kukamua tambara. Sikumlazimisha. Nilijiambia ni heshima. Leo naweza kusema ilikuwa woga, na woga wangu ulikula miaka minne ya watu wawili ambao hawakuwa na miaka mingi ya kupoteza.

Alipata kiharusi akiwa bustanini kwake, Ngonga, kabla hajafikisha umri wa kustaafu. Upande wa kulia ulikufa, na mdomo ukavutika. Alilazwa hospitali ya wilaya wiki tatu, akarudishwa nyumbani kwa mtoto wa kaka yake, mwanaume mwema mwenye shamba la kakao, ambaye mkewe alimhudumia kwa upendo wote. Lakini yule mke alinilalamikia kwa simu. "Dada, hataki kuoshwa. Anasema nisijisumbue. Chakula anasema nipe watoto. Tutafanyaje?"

Nilikwenda. Ilikuwa Aprili, bodaboda ilinifikisha kwenye daraja la miti, nikamalizia kwa miguu, viatu mkononi. Nilimkuta amelazwa barazani kwenye godoro, mkono wa kulia umewekwa juu ya mto. Alikuwa amekonda mpaka ile mikono mipana ikaonekana kama ya mtu mwingine. Nilimsalimia. Akaniita Nesi, neno likatoka nusu.

Nikaomba maji ya moto, sabuni na taulo. Akatikisa kichwa.

"Mama," nikasema, "mimi ni muuguzi. Hii ni kazi yangu. Leo huna mgonjwa wa kitanda cha pili wa kumpa."

Nikafikiri atakasirika. Macho yake yakajaa maji, yakamwagikia upande ule wa uso usiohisi. Nikaanza kumwosha. Niliosha mkono uliokufa, kidole kwa kidole, nyuma ya masikio, shingo. Hakunizuia. Nilikuwa nimefika miguuni aliposema jambo, na ilibidi nimwombe arudie.

"Nimechoka kuvumiliwa," akasema.

Nilikausha mguu wake.

"Nani alikuambia kwamba unavumiliwa?" nikauliza.

Alifikiri. "Baba," akasema mwishowe. Kisha, kama mtu anayeshangaa mwenyewe: "Baba tu."

Halafu alinieleza, kwa vipande, neno moja moja, mambo ambayo hakuwahi kunieleza miaka yote. Kwamba alipoanza kazi zahanati, mtoto wa kwanza aliyempokea alikuwa wa kike, na maziwa yalikuwa bado hayajakauka kifuani mwake. Kwamba alimwinamia na kumwambia yale maneno kwa sababu kulikuwa na mwingine ng'ambo ya mto ambaye hakumwambia. Kila mtoto alikuwa anamwambia yule. Watoto wote wale, mimi nikiwemo. Na yule mwenyewe alipokuja amelala mbele yake, mzima, amefuata maneno yake mwenyewe kutoka nchi nyingine, akashindwa.

"Mpigie," akasema.

Mtandao pale ni wa kubahatisha. Nilitembea uwanjani hadi nikapata vijistari viwili, nikapiga, ikaita, nikarudi mbio barazani nikiomba isikatike. Sauti ya mwanamke ikaitika. Nikajitambulisha. Nikasema, "Nipo na mama yako. Anaumwa. Anataka kusema," nikaweka simu kwenye sikio la Mhudumu.

Alivuta pumzi. Mdomo ulikataa. Akajaribu, ikatoka sauti tu. Nikamshika taya kwa kiganja, upande uliolegea, nikauinua kidogo kama tunavyofundishwa. Akasema. Maneno mawili yale, yamepinda, lakini yote. Kyala akughanile. Akapumzika. Kisha akaongeza neno ambalo hakuna mtoto mwingine aliyewahi kuambiwa naye.

"Nami."

Nilisikia redio huko kwao, na gari likipita. Halafu yule mwanamke akasema, "Nimesikia." Simu ikakatika, sijui kama aliikata au ni mtandao.

"Amesema nini?" Mhudumu akaniuliza, ingawa alisikia.

"Amesema amesikia."

Akafumba macho. Baadaye aliomba uji, na mke wa mtoto wa kaka yake alipouleta aliunywa wote, akaomba uongezwe. Jumapili iliyofuata mchungaji alifika na Meza ya Bwana nyumbani, kama afanyavyo kwa wagonjwa wote. Sikuwepo. Niliambiwa kwamba hakuomba kutolewa nje. Alifungua kinywa.

Alifariki wiki hiyohiyo, siku ya Alhamisi.

Msiba ulijaa. Wanawake walikaa hadi shambani chini ya migomba, mvua ikatupa nafasi, jeneza likawekwa mbele ya nyumba. Mtoto wa kaka yake alisimama kusoma historia fupi ya marehemu. Alisoma vizuri. Alisoma miaka ya kazi, uaminifu wake, kwaya ya ujanani. Hakujua mengine, wa kizazi chake hawakuambiwa. Akafika mstari wa mwisho, akausoma kwa sauti ya huruma:

"Marehemu hakuolewa, wala hakujaliwa mtoto."

Niliinamisha kichwa. Nilijua napaswa kusema, na sikuinuka. Hapo ndipo niliposikia minong'ono upande wa barabarani, watu wakipisha. Mwanamke mwenye ushungi alikuwa anakuja katikati ya mikeka, viatu vimeloa, ametoka mpakani asubuhi ile kwa ujumbe niliompelekea na amefika wakati ule ule. Alitembea mpaka kwenye jeneza. Hakulia. Aliweka kiganja chake kipana juu ya mbao, akamgeukia yule msomaji.

"Samahani, kaka," akasema. "Hapo rekebisha. Alijaliwa."

Msomaji akatazama karatasi, akamtazama yeye. "Alijaliwa nani, dada?"

"Mimi," akasema.